Tamasha la katuni Dubai: Mchoraji anapokaa meza moja na msomaji wake

Mwezi Aprili mwaka 2012, mji wa Dubai ulishuhudia jambo lililokuwa geni katika eneo la Ghuba. Kwa siku mbili, viwanja vya klabu ya michezo ya majini, Dubai International Marine Club, vilijaa vijana waliovalia kama mashujaa wa vitabu vya katuni, wazazi walioshikana mikono na watoto wao, na wachora katuni waliokaa nyuma ya meza ndogo wakichora huku wasomaji wakiwatazama.

Hilo lilikuwa tamasha la kwanza la Middle East Film and Comic Con, ambalo mmoja wa waasisi wake ni Arafaat Ali Khan. Mwaka uliofuata lilihamia katika kumbi za Dubai World Trade Centre, kando ya barabara ya Sheikh Zayed. Janga la virusi vya corona lilipolikatiza, tamasha hilo lilirejea mwaka 2022 likiwa na makao mapya: kituo cha maonyesho cha ADNEC mjini Abu Dhabi, takriban kilomita 130 kutoka Dubai.

Kwa watu wengi wa Afrika Mashariki, Dubai ni mji wa biashara. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaijua mitaa ya Deira, bei za simu na vipuri vya magari, na ndege za kurudi nyumbani na mizigo. Ni wachache wanaoufikiria mji huo kuwa mahali pa kujifunza biashara ya hadithi za picha.

Hata hivyo, nyuma ya mavazi ya rangi na foleni za kutafuta saini, tamasha la aina hii linaibua suala linalomgusa kila kijana anayechora, awe Tanga, Kisumu au Kisangani. Suala hilo ni nani anayemmiliki mhusika baada ya kuchorwa, na nani anayenufaika naye.

Tamasha la katuni ni nini?

Utamaduni huu una zaidi ya nusu karne. Tamasha la San Diego nchini Marekani, ambalo leo huvutia zaidi ya watu 130,000, lilianza mwaka 1970 likiwa mkusanyiko wa watu mia chache tu. Huko Ufaransa, tamasha la Angouleme lilianzishwa mwaka 1974. Mwaka uliofuata, wapenzi wa katuni za Kijapani, zijulikanazo kama manga, walianzisha soko lao mjini Tokyo, linaloitwa Comiket, ambako wachoraji wasio na mchapishaji huuza vitabu walivyovichapa wenyewe.

Tamasha la kawaida huwa na sehemu nne. Ya kwanza ni maduka ya vitabu, sanamu na fulana. Ya pili ni jukwaa la mazungumzo, ambako waandishi na waigizaji hujibu maswali ya hadhira. Ya tatu ni mashindano ya mavazi, ambamo washiriki huvaa kama wahusika wawapendao, mara nyingi kwa nguo walizozishona wenyewe kwa miezi kadhaa.

Sehemu ya nne haina mbwembwe nyingi, lakini ndiyo iliyo moyo wa shughuli yote. Ni safu za meza ambazo kwa desturi huitwa kichochoro cha wasanii. Kila meza ina mchoraji wake, na kila mchoraji ameleta kazi zake mwenyewe.

Anayevutiwa na waigizaji wa filamu hulipa ili apigwe picha nao kwa sekunde chache, kisha huondoka. Katika kichochoro cha wasanii mambo ni tofauti. Mgeni anaweza kusimama, kufunua kurasa, na kumwuliza mchoraji kwa nini shujaa wake hana baba, au kwa nini mvua inanyesha katika ukurasa wa mwisho. Mchoraji hujibu, na pengine hujifunza kutokana na swali hilo.

Fedha zinavyopatikana mezani

Kitabu cha katuni kinachouzwa dukani hupitia mikono mingi. Mchapishaji, msambazaji na mwenye duka kila mmoja huchukua sehemu yake, na kinachomfikia mchoraji ni kidogo. Mezani, mnunuzi humlipa mchoraji moja kwa moja.

Zaidi ya vitabu, wachoraji huuza mabango, kadi na michoro inayoagizwa papo hapo. Mtu anaweza kuomba achorwe yeye mwenyewe, au achorewe shujaa fulani katika hali anayoitaka. Kazi hiyo huchukua dakika kadhaa au saa nzima, na bei hupatana na ukubwa wa kazi.

Hata hivyo, meza hailetwi bure. Msanii hulipia nafasi, uchapaji, nauli na malazi kabla ya kuuza hata nakala moja. Kwa sababu hiyo, wengi huhesabu faida ya tamasha kwa mizani nyingine pia: wamepata wasomaji wangapi wapya, na wamezungumza na wachapishaji wangapi.

Kuna adabu zake. Si vyema kusimama mbele ya meza kwa muda mrefu na kuwazuia wanunuzi wengine. Si vyema pia kumwomba msanii mchoro wa bure, kwani mchoro ndio bidhaa yake. Na katika Umoja wa Falme za Kiarabu, kumpiga mtu picha bila idhini yake kunaweza kuwa kosa mbele ya sheria. Kwa hiyo kumwomba ruhusa aliyevalia kama shujaa kabla ya kumpiga picha ni zaidi ya heshima.

Funzo la dola 130

Wanaozungumzia haki za wachora katuni hawaachi kuwataja Jerry Siegel na Joe Shuster. Vijana hao wawili kutoka Cleveland, Marekani, ndio waliombuni Superman. Mwezi Machi mwaka 1938 waliuza haki zote za mhusika huyo kwa dola 130.

Superman aliwatajirisha wengine. Waliombuni walikwenda mahakamani zaidi ya mara moja bila kufanikiwa kumrejesha mikononi mwao. Ni mwaka 1975 tu, wakiwa wazee na baada ya malalamiko ya hadharani, ndipo kampuni iliyokuwa ikimmiliki Superman ilipokubali kuwalipa malipo ya uzeeni kila mwaka na kurejesha majina yao kama wabunifu wake. Mwaka 2012 hundi yenyewe iliyotumika kuwalipa iliuzwa katika mnada kwa dola 160,000.

Kisa hicho kinaeleza tofauti ya mambo mawili ambayo vijana wengi huyachanganya: kuuza hakimiliki, na kutoa kibali cha kuitumia. Ni sawa na tofauti ya kuuza nyumba na kuipangisha. Aliyeuza nyumba hana tena neno ikibomolewa au ikipanda bei. Aliyeipangisha huendelea kupokea kodi, na muda ukiisha nyumba hurudi mikononi mwake.

Katika katuni, kodi hiyo huitwa mrabaha. Ni sehemu ya mapato ambayo mbunifu hulipwa kila nakala inapouzwa, au kila mhusika wake anapotumiwa katika filamu, mchezo wa kompyuta au mkoba wa shule.

Watu wa Ghuba na hadithi zao

Tamasha la Dubai halikuota jangwani. Watoto wa nchi za Kiarabu wamekuwa wakisoma jarida la Majid, linalochapishwa Abu Dhabi, tangu mwaka 1979. Lakini ni katika miaka ya 2000 ambapo wabunifu wa eneo hilo walianza kujitokeza kwa majina yao wenyewe.

Mwaka 2006, wakati wa mwezi wa Ramadhani, televisheni ya Dubai ilianza kuonyesha katuni iitwayo Freej, inayohusu bibi wanne wanaoishi katika mtaa wa zamani uliozingirwa na majengo marefu ya kisasa. Mbunifu wake, Mohammed Saeed Harib, alianza kumchora bibi mmojawapo, Um Saeed, alipokuwa mwanafunzi nchini Marekani. Badala ya kuiga shujaa anayeruka angani, alichukua sura na maneno ya bibi wa nyumbani kwao.

Mwaka huohuo, mwanasaikolojia wa Kuwait, Naif Al-Mutawa, alianzisha katuni ya The 99, yenye mashujaa kutoka nchi mbalimbali ambao sifa zao zimetokana na majina 99 ya Mwenyezi Mungu. Mwaka 2010 mashujaa hao walikutanishwa na Superman na wenzake katika mfululizo mmoja wa vitabu. Hata hivyo, Al-Mutawa alipingwa na baadhi ya wanazuoni, na mwaka 2014 alitishiwa maisha. Mhusika wa kubuni anaweza kumletea mbunifu wake sifa na hatari kwa wakati mmoja.

Mfano wa tatu ni wa Qais Sedki wa Dubai. Mwaka 2009 alichapisha kitabu cha Gold Ring, kinachomhusu kijana na kipanga wa kuwindia. Aliiandika hadithi kwa Kiarabu, lakini michoro aliwakabidhi Wajapani wawili wanaotumia jina moja la Akira Himekawa. Kwa bahati njema, manga na maandishi ya Kiarabu yote husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, hivyo kurasa hazikuhitaji kugeuzwa. Mwaka 2010 kitabu hicho kilishinda Tuzo ya Kitabu ya Sheikh Zayed kwa upande wa fasihi ya watoto.

Wote watatu waliunda kampuni zao wenyewe ili kuzisimamia kazi zao. Hapo ndipo funzo la Siegel na Shuster linapokamilika.

Afrika Mashariki haikuchelewa kuchora

Ni makosa kudhani kwamba katuni ni mgeni katika Afrika Mashariki. Nchini Tanzania, Chakubanga, mhusika wa mchoraji Christian Gregory, alianza kuwachekesha wasomaji wa gazeti la Uhuru katika miaka ya 1960. Baadaye likaja jarida la Sani, na vizazi vikakua vikiwajua Madenge, Lodi Lofa na Ndumilakuwili kana kwamba ni majirani. James Gayo naye alimleta Kingo. Nchini Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miongo mingi, na wasomaji wa Taifa Leo walizoea kufungua ukurasa wake kabla ya habari nyingine.

Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye kama Gado, aliondoka Dar es Salaam akawa mchora katuni wa gazeti la Daily Nation mjini Nairobi kuanzia mwaka 1992 hadi 2016. Mwaka 1996 shirika la uchapishaji la Sasa Sema lilitoa kitabu chake cha hadithi za picha za Abunuwasi.

Kitabu hicho kinaeleza mengi. Abu Nuwas alikuwa mshairi wa Baghdad zaidi ya miaka 1,100 iliyopita. Jina lake lilisafiri hadi katika pwani ya Waswahili, likawa la mjanja anayewashinda matajiri kwa akili. Hekaya zake ni za wote, na hakuna awezaye kumzuia mwingine kuzisimulia. Lakini sura aliyopewa na Gado, kanzu yake, macho yake na mpangilio wa kurasa, hiyo ni kazi ya mchoraji mmoja, na sheria humlinda.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, alipata njia kupitia wachapishaji wa Ulaya. Kitabu chake cha Madame Livingstone, alichokitoa mwaka 2014 pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie, kinasimulia Vita vya Kwanza vya Dunia katika Ziwa Tanganyika.

Nchini Kenya, jarida la Shujaaz lilianza mwaka 2010 likigawiwa bure, kwa lugha ya Sheng, na kijana Boyie mwenye kituo cha redio cha siri akawa rafiki wa mamilioni ya wasomaji. Limewahi kushinda tuzo ya kimataifa ya Emmy.

Ukiziangalia njia hizo zote, utaona kwamba katika nyingi kati yake kuna mtu anayesimama baina ya mchoraji na msomaji: mwenye gazeti, mchapishaji wa ng'ambo au mfadhili. Wamefanya mengi mema, kwani bila wao wengi wa wahusika hao wasingejulikana. Lakini gazeti likibadili msimamo au mfadhili akiondoka, mchoraji asiye na haki za mhusika wake hubaki na kalamu tu.

Tamasha huongeza njia nyingine, ya msomaji kununua kwa mchoraji mwenyewe. Lagos, nchini Nigeria, ilianzisha tamasha lake mwaka 2012, mwaka uleule na Dubai. Nairobi nayo imekuwa na lake, linalojulikana kama NAICCON. Ukubwa wake si wa San Diego, lakini San Diego nayo ilianza na watu mia chache.

Anayekwenda na mkoba wa michoro ajue nini?

Miongoni mwa maelfu ya Waafrika Mashariki wanaofanya kazi katika Falme za Kiarabu wamo wanaochora usiku baada ya zamu. Kwa mtu kama huyo, siku moja ya tamasha inaweza kuwa na manufaa kuliko mwaka mzima wa kutuma barua pepe zisizojibiwa, mradi ajiandae.

Jambo la kwanza ni uchache. Mchapishaji aliyekaa mezani ana dakika chache kwa kila mtu. Kurasa 6 au 8 zilizo bora, zinazosimulia kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, zina nguvu kuliko daftari zima la picha za mashujaa waliosimama. Anayetafuta mchoraji wa katuni hutaka kuona kama anaweza kusimulia, na wala si kama anaweza kuchora misuli tu.

La pili ni kuuliza maswali yenye faida. Badala ya kuuliza namna ya kuwa maarufu, ni afadhali kumwuliza msanii alichapisha nakala ngapi mara ya kwanza, nani alizisambaza, na ni kifungu gani cha mkataba anachokijutia. Wachoraji wengi hujibu maswali hayo kwa ukarimu, kwa sababu na wao waliwahi kusimama upande wa pili wa meza.

La tatu ni sheria. Kenya, Tanzania na Umoja wa Falme za Kiarabu zote ni wanachama wa Mkataba wa Berne, unaolinda kazi za sanaa. Chini ya mkataba huo, mchoro hulindwa tangu unapochorwa, bila sharti la kuusajili. Hata hivyo, penye ugomvi ushahidi ndio husema. Kuhifadhi rasimu zenye tarehe, na kuisajili kazi KECOBO kwa aliye Kenya au COSOTA kwa aliye Tanzania, humrahisishia mwenye haki kuithibitisha haki yake.

La nne ni viza. Kutazama na kununua ni jambo moja, kuuza ni jingine. Viza ya matembezi haimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi, na anayetaka meza sharti awaulize waandaaji mapema ni kibali gani kinachotakiwa. Aidha, sheria za habari za nchi hiyo haziruhusu maudhui yanayokashifu dini au yanayokwenda kinyume na maadili ya umma. Mchoro unaopita bila neno Nairobi unaweza kuleta matata Dubai.

La tano, na pengine ndilo kubwa, ni kutosaini chochote papo hapo. Furaha ya kusifiwa na mtu mashuhuri inaweza kumfanya kijana akubali karatasi asiyoielewa. Mkataba unapaswa kusomwa nyumbani, ikiwezekana pamoja na mwanasheria, na kutafutwa maneno yanayosema haki zinauzwa au zinatolewa kwa muda, kwa nchi zipi, na kwa matumizi yapi.

Superman aliuzwa kwa hundi moja kwa sababu vijana wawili walikuwa na haraka ya kuona kazi yao ikichapishwa, na hawakuwa na mtu wa kumwuliza. Wachoraji waliokaa kwenye meza za Dubai, na ambao sasa hukaa kwenye meza za Abu Dhabi, ni watu wa kuulizwa. Kiingilio cha tamasha ni bei ya tiketi, lakini kwa kijana mwenye Madenge wake au Boyie wake ndani ya mkoba, mazungumzo ya dakika kumi mezani yanaweza kumwokolea mhusika huyo.